Mielekeo ya Utafiti wa Alkoholi za Kaboni Chache kama Nishati ya Usafiri: Mtazamo kutoka Katandala, Sumbawanga

Makala haya yanafafanua mielekeo ya utafiti kuhusu methanoli na ethanoli, alkoholi zenye atomi moja na mbili za kaboni, kama mbadala wa petroli. Sifa zake kikemia zinafahamika. Ethanoli hustahimili mgandamizo mkubwa injinini kuliko petroli, lakini lita yake hutoa takribani theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. Methanoli hutoa takribani nusu.

Suala linalobaki ni bei na malighafi. Kenya ilianza kuchanganya ethanoli ya Muhoroni katika petroli mwaka 1983, ikaacha mwaka 1993, kwa kuwa bei iliyopangwa haikumnufaisha mzalishaji. Malawi, isiyo na pwani, ilianza Dwangwa mwaka 1982 na kuendelea, kwani ethanoli ya nyumbani hupunguza mafuta yanayosafirishwa kutoka mbali.

Katandala inafanana na Malawi kwa umbali: petroli huifikia kwa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bandarini. Inatofautiana kwa malighafi. Ethanoli ya Muhoroni na Dwangwa hutokana na molasi, masalia ya sukari, ilhali Ufipa hutegemea mahindi, ambayo ndiyo chakula cha kaya.

Hivyo, mwelekeo unaoifaa zaidi ni ethanoli ya selulosi, itokanayo na magunzi na mabua. Hata hivyo, lignini hufanya uchakataji wake uwe ghali, na mabua hulisha ng'ombe na kurutubisha udongo. Utafiti wa Ufipa hauna budi kuanza kwa kupima masalia yanayobaki baada ya mifugo na shamba kupata sehemu yake.