Kwa nini NECTA haitangazi tena 'kumi bora'?

Kama bado unasubiri kusikia nani ni 'Tanzania One', utasubiri sana. Tangu Januari 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA imeacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora.

Sababu ni nini?
Baraza hilo lilisema halioni tija ya kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti. Mmoja yuko bweni, ana maabara na mwalimu wa kila somo. Mwenzake yuko shule ya kata, anatembea kwa miguu kila asubuhi, na mwalimu wa fizikia hayupo. Mtihani ni mmoja, ila hawakuanzia mstari mmoja.

Kwa hiyo mashindano yameisha?
Hapana. Matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti ya NECTA, na wazazi wanayalinganisha wenyewe. Presha hiyo ina madhara. Baadhi ya shule binafsi zimelalamikiwa mara kwa mara kwa kuwakaririsha au kuwahamisha wanafunzi wasiofikisha wastani wa shule, ili matokeo yapendeze.

Mzazi aangalie nini basi?
Usiishie kwenye idadi ya divisheni wani. Uliza kidato cha kwanza walianza wangapi, na kidato cha nne wamefanya mtihani wangapi. Kama walianza 80 wakamaliza 50, uliza wale 30 walikwenda wapi. Mwanao anaweza kuwa mmoja wao.