Tengeneza, Nunua au Uza: Hesabu za Vitu vya Nyumbani Tabora

Lori linaloleta matangi ya maji Tabora kutoka Dar es Salaam hubeba upepo mwingi kuliko mali. Matangi hayakunjiki, na safari ni zaidi ya kilomita 800. Nauli ya upepo huo mwenye duka haibebi yeye. Anaipachika kwenye bei, unailipa wewe.

Ndiyo maana ushauri unaomfaa mtu wa Kariakoo huenda usikufae wewe wa Gongoni au Ng'ambo. Hapa umbali unakukamua mara mbili. Kitu kipya kinafika ghali, na plastiki yako iliyochakaa ikitakiwa kiwandani inarudi njia ileile, kwa hiyo anayeinunua mlangoni anakupa hela kiduchu. Mimi nafuata hivi: kitu kikubwa na chepesi kitengenezwe mpaka kishindikane, na kitu kidogo ambacho spea yake ni ya kutafuta, kifikirie vizuri kabla hujampa fundi hela.

Waliopita njia hii zamani waliijua hesabu hiyo vizuri. Karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila 2 hivi, karibu kilo 32, kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora hii ya leo. Merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts, kilizidi thamani kadiri kilivyozidi kuingia bara, hata kikatumika kama fedha ya kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa watemi, njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilishusha gharama ya mzigo. Haikuifuta.

Bei nitakazotaja humu ni za mfano, za kupigia hesabu tu. Uliyotajiwa leo sokoni iweke mahali pa yangu.

Tuanze na maji, maana huko ndiko hela nyingi inakovuja. Tanki la plastiki likipasuka ubavuni, juu, fundi mwenye pasi ya kuchomelea na kipande cha plastiki ya aina ileile anaweza kuliziba, nalo likakaa miaka. Likipasuka kitako ni habari nyingine. Uzito wote wa maji unakaa pale, na kiraka kitaachia siku usiyokuwepo nyumbani. Mlipe fundi baada ya kulijaza na kuliacha likae usiku mzima, na mwambie hivyo kabla hajawasha moto.

Tanki la kitako kibovu usilitupe wala usiliuze kwa kilo. Ikatwe sehemu nzima iliyobaki, iwe ghala la mahindi. Thamani yake ukiwa nalo ni kubwa mara nyingi kuliko utakayopewa na mwenye mkokoteni.

Ndoo ni tofauti kidogo. Ndoo hupangwa moja ndani ya nyingine, husafiri kwa nafasi ndogo, kwa hiyo mpya haina nauli kubwa mgongoni. Ndoo iliyopasuka ishonwe kwa sindano ya moto na uzi wa nailoni, ibaki ya kuwekea mkaa au pumba. Ya maji nunua mpya, yenye mfuniko, na jaribu mpini wake dukani kabla hujalipa. Mipini ndiyo inayokatika kwanza, na muuzaji analijua hilo.

Madumu yaliyotumika ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo ya kuogopa kuliko yote. Mkoa huu unalima tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, na pamba upande wa Igunga na Nzega. Viuatilifu vinakuja katika chupa na madumu mazuri, magumu, yenye vifuniko vinavyobana. Usiweke humo maji, mafuta wala asali, hata ukiosha kwa majivu na maji ya moto. Sumu huingia ndani ya plastiki. Kopo la dawa ya shamba huoshwa mara tatu, maji yake yakamwagwa kwenye bomba la kupulizia yaishie shambani, kisha kopo likatobolewa ili asije mtu kulitamani. Dumu la mtaani lisilo na lebo, na muuzaji anajibu kwa mkato ukimuuliza lilikuwa na nini, liache. Lililokuwa la mafuta ya kula linajitambulisha kwa harufu na kwa utelezi.

Nimetaja asali kwa sababu Tabora inauza nyingi, na sehemu kubwa yake inauzwa katika chupa za maji zilizotumika. Kwa muuzaji chupa hiyo ni karibu bure. Kwako wewe mnunuzi ina kasoro mbili: haiwezi kuchemshwa, kwani hujikunja, na asali hunyonya unyevu na harufu ya kilichotangulia. Ukiwa na chupa ya kioo nyumbani, nenda nayo. Ichemshe, ikauke kabisa, kisha elewana bei ya asali bila chombo. Wengine watapunguza kidogo. Wasipopunguza, bado umepata asali safi. Na mafuta ya taa kamwe yasiingie kwenye chupa ya maji, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi.

Soda ya chupa ya kioo mara nyingi huwa nafuu kuliko ya plastiki, ilimradi una chupa ya kubadilisha. Usipokuwa nayo unaacha hela ya chupa, na hela hiyo watu wengi hawarudi kuidai. Chupa mbili tupu zikae jikoni. Basi.

Jikoni kuna sufuria na jiko, na hapa ndipo wengi wanapotazama bei ya dukani peke yake.

Sufuria nyembamba ni rahisi, inachemka haraka, inaunguza haraka, inatoboka haraka. Nzito ni ghali mara mbili au zaidi. Ukiwa na hela ya nzito moja, nunua moja ya ukubwa unaopikia kila siku, na nyembamba zilizobaki ziwe za kuchemshia maji. Iliyotoboka tundu dogo ipigwe ribiti. Iliyokwisha kitako ibadilishiwe kitako, kama ubavu bado mgumu. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukibonyea, hela ya fundi imepotea.

Zipo pia sufuria zinazosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Ni nzito na bei yake inavutia. Tatizo ni kwamba hujui kilichoingia kwenye kalibu. Uchunguzi uliofanywa Kameruni na nchi nyingine za Afrika umekuta madini ya risasi katika sufuria za namna hiyo, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Katika mambo ya kutumia upya, hili ndilo ambalo sitakushauri, hata upewe nusu bei.

Jiko la bati tupu linakudanganya kwa urahisi wake. Tuseme unanunua mkaa wa 1,000 kwa siku, na jiko banifu lenye udongo ndani linakuokolea robo. Hiyo ni 250 kwa siku. Kama tofauti ya bei kati ya majiko hayo mawili ni 10,000, imerudi ndani ya siku 40, na baada ya hapo ni faida yako. Udongo wa ndani ukipasuka usitupe jiko zima. Waulize wafinyanzi na mafundi bati kama wanauza udongo peke yake, au uzibe ufa kwa udongo uliochanganywa na majivu, jiko likauke kivulini kabla hujawasha moto. Mkaa wenyewe pima kwa macho makali. Sado ni kopo la rangi la lita 4, si mizani, na kila muuzaji ana namna yake ya kulijaza.

Kuhusu miguu nina upendeleo, nakiri. Katambuga, viatu vya tairi kuukuu, havina mshindani kwenye miiba na kwenye changarawe. Chukua ndala za 3,000 zinazokaa miezi 3: zinakula 1,000 kwa mwezi. Katambuga za 8,000 zikikaa miaka 2 zinakula kama 330. Gharama iliyofichika ni uzito wake, na misumari. Ingiza mkono ndani, pitisha kidole kila ulipopigwa msumari. Kichwa kikichomoza, fundi akigonge hapohapo. Kwa mtoto anayekua hesabu inageuka, kwa sababu mguu utaviacha kabla havijachakaa, labda uwe na wadogo wa kuvirithi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kukutwa nayo ni faini inayoanzia 30,000. Mfuko mbadala wa sokoni unakugharimu shilingi mia kadhaa kila unaposahau wa kwako, na ule hafifu unapasukia njiani pamoja na nyanya. Salfeti ya unga au ya sukari iliyokwisha, mpelekee fundi cherehani aikate na kuitia mikono miwili. Inabeba kilo nyingi kuliko mfuko wowote wa duka. Ioshe kwanza, iliyobeba mbolea ya chumvichumvi iende shambani, si sokoni.

Sasa vitu vya umeme, na hapa mfuko wako ujihadhari. Fundi ana bei tatu: ya kufungua, ya spea, ya ufundi. Wengi hutaja moja, mbili unazikuta siku ya kuchukua. Uliza zote tatu kabla bisibisi haijatoka: "Fundi, ukifungua ukakuta haifai, nadaiwa kiasi gani?" Jibu lake ndilo litakalokuambia kama uache kitu chako au uondoke nacho.

Jumla ikizidi nusu ya bei ya kitu kipya, acha, ila kwa vitu viwili. Cha kwanza ni feni: mota yake ikisukwa upya kwa waya wa shaba huzunguka miaka mingi. Sisitiza shaba, kwani waya wa alumini ni rahisi na hauchukui muda kuungua. Cha pili ni taa ya sola. Mara nyingi kilichokufa ni betri tu, ilhali paneli na balbu ni nzima. Anayerudi kwenye kibatari kwa sababu kinauzwa bei ndogo atailipa tofauti hiyo kwa mafuta ya taa, kidogokidogo, kila wiki, pamoja na masizi darini.

Spea iliyotolewa ni mali yako. Idai. Utajua kama kweli ilibadilishwa, na shaba iliyomo ina mnunuzi.

Maganda ya jikoni yanachukua nusu ya ndoo ya taka, hasa msimu wa maembe, ambapo kila ua lina mwembe na kila mwembe una uchafu wake. Mbuzi kwanza, kisha shimo la mboji. Gharama ni jasho la kuchimba. Wenye kulipia uzoaji wa taka wataona ndoo inapungua uzito wiki hiyohiyo.

Mwisho mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyu anafika mlangoni, anakuokolea nauli, na kwa hilo anastahili faida. Lakini usimpe mchanganyiko. Ukichanganya atakupimia vyote kwa bei ya chuma, ambayo ndiyo ya chini. Tenga shaba, tenga alumini, chuma kibaki peke yake, kisha umuulize bei ya kilo ya kila kimoja. Betri ya gari iuze nzima, usiivunje uani, maana ndani ina tindikali na risasi. Chuma chenye dalili ya kutoka relini usikipokee kwa mtu hata akikupa bure, kwa kuwa kesi yake haina bei nafuu.

Tazama mizani yake kabla ya kuweka kitu: sindano ikae kwenye sifuri, na stika ya Wakala wa Vipimo ionekane. Kama hana stika, pima kwanza mfuko wa sukari wa kilo 1 ambao haujafunguliwa. Akikataa, vyuma havina haraka, havioti ukungu. Atapita mwingine.