Usitupe matawi ya bogenvilia

Ikifika Oktoba, kabla vuli haijashika, mitaa mingi ya Dar es Salaam husikika mapanga na mikasi. Wenye nyumba wanapogoa bogenvilia zilizofurika juu ya kuta, na hadi jioni lundo la matawi yenye miiba limekaa kando ya geti likisubiri mkokoteni wa taka. Wiki inayofuata baadhi yao huonekana kwenye vitalu vya maua vya Barabara ya Bagamoyo wakipatana bei ya mche mmoja wa bogenvilia ndani ya kiriba cheusi. Mche huo nao ulianza kama kijiti kilichokatwa kwenye tawi la namna ileile.

Wauza miche hawafichi siri kubwa. Mali yao ni kivuli, mchanga na subira ya kuacha kijiti bila kukichokonoa. Yeyote mwenye ndoo ya mchanga na kona yenye mwanga bila jua kali anaweza kufanya kazi hiyo nyumbani, mradi ajue ni wakati gani bogenvilia humdanganya aliyeipanda.

Kwanza aelewe kwa nini kijiti, na si mbegu. Bogenvilia za bustanini huzaa mbegu kwa nadra, na machotara yake mengi hayazai kabisa. Mfano mzuri ni ile nyekundu iliyokoza iitwayo Mrs Butt. Mwaka 1910, mama mmoja mkazi wa Trinidad, Bi Butt, aliiona katika bustani mjini Cartagena, Kolombia, akaichukua na kwenda nayo kwake. Mmea huo ni tasa, kwa hiyo mbegu haitungi. Maana yake ni kwamba kila Mrs Butt inayoning'inia ukutani leo, popote ilipo, ni kipande cha kichaka kilekile cha Cartagena, kilichopita mkono hadi mkono kwa zaidi ya miaka 100. Mmea huu unaishi kwa sababu watu hawakuacha kukata vijiti vyake. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu alitazame lile lundo la getini kwa jicho jingine.

Asili ya jamii nzima ni Amerika Kusini. Wazungu waliiandika kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1767, meli za Louis-Antoine de Bougainville zilipotia nanga Rio de Janeiro, Brazili, katika safari ya kuizunguka dunia. Mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson, alikuwa akiuguza mguu, na wanahistoria wengi wanaona huenda aliyepanda vilima na kuukata mmea huo ni msaidizi wake, Jeanne Baret. Baret alikuwa amejivika nguo za kiume ili aruhusiwe melini, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Jina la nahodha likaupata mmea. La Baret halikuupata, na hiyo si haki hata kidogo. Afrika Mashariki nayo iliukumbatia. Nairobi, aliyekuwa msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita Kuu ya Pili, Peter Greensmith, ndiye anayesifiwa kwa kuzipamba barabara kwa bogenvilia, na kwenye vitalu vya Barabara ya Ngong mmea huo haukosekani.

Turudi kwenye lundo. Si kila tawi lililomo linafaa. Ncha laini za kijani hunyauka kabla ya jua kutua, na mashina mazee ya kijivu, yenye magome yaliyopasuka, ni mazito kutoa mizizi. Linalotafutwa ni tawi la katikati, lililokwisha kutoa maua, ambalo gome lake linaanza kuacha ukijani na kuingia ukahawia. Unene uwe wa penseli, urefu sentimita 15 hadi 20, na vifundo visipungue vinne. Mikono ivae glovu, kwa sababu ya miiba na kwa sababu utomvu wake huwawasha baadhi ya watu.

Mkato wa chini hupita chini kidogo tu ya kifundo, nao hukatwa mshazari. Wa juu hukatwa mlalo, sentimita moja juu ya kifundo cha mwisho. Tofauti hiyo ina kazi: vijiti vikishapukutishwa majani na kuchanganyika kwenye ndoo, ni rahisi kusahau kichwa kiko wapi na mguu uko wapi, na kijiti kilichopandwa kichwa chini mara nyingi huoza. Ndani ya tawi kuna kichocheo kiitwacho oksini, kinachotengenezwa kwenye ncha na machipukizi na kushuka kuelekea chini. Hujikusanya kwenye mkato na kuamuru seli za hapo zianze mizizi. Mholanzi Frits Went alionyesha uwepo wake mwaka 1928 kwa kutumia miche ya oti, na miaka michache baadaye wanasayansi wa Marekani wakatambua kwamba asidi ya indole-butiriki hufanya kazi hiyohiyo. Asidi hiyo mara nyingi ndiyo iliyomo ndani ya unga wa kuotesha mizizi unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Bogenvilia ni mbishi kutoa mizizi kuliko haibiskasi au duranta, kwa hiyo unga huo unaisaidia kweli. Kidogo humiminwa kwenye kisosi, mguu wa kijiti ukachovywa na kung'utwa, kwani ukizidi huunguza. Kabla ya hapo gome la chini hukwanguliwa upande mmoja, mkwaruzo mwembamba wa sentimita mbili, ili unga uguse tishu hai. Wapo wanaopaka asali au ute wa mshubiri. Asali huzuia baadhi ya vimelea vya kuozesha, na hilo ni jema, lakini asitarajie mtu kwamba itaamuru mizizi.

Majani yote hutolewa isipokuwa mawili ya juu, nayo hukatwa nusu. Vikonyo vya maua vikionekana hutolewa bila huruma, maana vitakula akiba ambayo mizizi inaihitaji.

Mchanga ni sehemu ambayo watu wa pwani hukosea sana. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na kijiti kisicho na mizizi hakina namna ya kuikwepa. Unaofaa ni mchanga mnene wa mto, ulioshwa hadi maji yatoke safi, ukachanganywa na usumba wa nazi uliolowekwa na kukamuliwa. Samadi isubiri, kwa sasa huleta kuoza tu. Chombo kiwe na matundu chini. Kitundu cha kupandia hutobolewa kwanza kwa kijiti kingine ili unga usifutike, kisha kipandikizi huingizwa hadi vifundo viwili vizame, na mchanga unashindiliwa kwa vidole pembeni yake.

Baada ya kumwagiliwa mara ya kwanza, hufunikwa kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyokatwa kitako, au kwa mfuko angavu uliozuiwa na fito usiguse majani. Vitaluni hujengwa handaki dogo la nailoni chini ya kivuli cha makuti. Lengo ni moja: hewa ibaki na unyevu wakati kijiti hakijaweza kunywa. Chupa hiyo ikiachwa juani saa sita mchana, kilichomo kitaiva. Maji yaongezwe tu pale kidole kikizamishwa kinapokuta mchanga unakauka.

Joto la udongo linalopendwa ni kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi. Pwani hilo si tatizo. Walioko Njombe, Arusha au Nairobi waupishe ubaridi wa Juni hadi Agosti, kwa sababu kijiti kilicholala kwenye mchanga baridi na mbichi huoza kabla hakijaamka.

Sasa huja ule udanganyifu. Baada ya wiki mbili au tatu vifundo hufumuka na majani mapya, mekundu kidogo, yanang'aa. Mwenye nyumba hufurahi, huondoa chupa, huhamisha kijiti juani, na siku chache baadaye kila kitu kimesinyaa. Majani yale hayakutokana na mizizi. Yalilishwa na wanga uliohifadhiwa ndani ya mti wenyewe, na chini ya mchanga huenda pana uvimbe mweupe tu kwenye mkato. Mizizi ya kutegemewa huchukua wiki 6 hadi 12. Kuvuta kijiti kuona kama kimeshika ndiko huua vingi, kwani mizizi ya mwanzo ni myembamba kama nywele na hukatika kwa mguso. Anayetaka kuona bila kugusa apandie kwenye kopo la plastiki angavu lililotobolewa kitako na kuvikwa karatasi nyeusi. Akiifunua karatasi ataiona mizizi ikitambaa ukutani.

Hata mmea mkubwa hauachi tabia hiyo. Mizizi ya bogenvilia haishikamani vizuri na udongo, na bonge likivunjika wakati wa kuhamisha, mmea uliokuwa mzima unaweza kufa ndani ya wiki. Ndiyo maana mpanzi mzoefu haung'oi mche kwenye kiriba. Hukata kitako cha kiriba, hukiteremsha shimoni, kisha huchana ubavu na kuvuta nailoni juu taratibu huku mkono mwingine ukishikilia udongo.

Kwa aina zinazogoma kabisa, ipo njia ya kulaza tawi. Tawi refu ambalo bado liko kwenye mama yake huinamishwa, hukwanguliwa gome chini ya kifundo, hufukiwa hapo na kuwekewa jiwe. Mama huendelea kulilisha, kwa hiyo haraka haipo. Baada ya miezi kadhaa hukatwa likiwa na mizizi yake.

Mche ukishashika ardhi, mapenzi mengi huudhuru. Unahitaji jua la saa sita kwa siku, na baada ya msimu wa kwanza unahitaji kiu kidogo. Ukimwagiliwa kila jioni na kulishwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, utarefusha matawi na kujaza majani. Ukiachwa ukauke kiasi, hupasuka rangi, na rangi hizo ni za vijani vitatu vinavyoyazunguka maua yenyewe, ambayo ni vimirija vidogo vyeupe au vya njano iliyofifia. Maua hutokea kwenye matawi machanga, kwa hiyo kupogoa baada ya kila duru ya maua huandaa duru ijayo, na pia huleta vijiti vipya.

Kwenye kupogoa huko, wenye aina ya Mary Palmer wawe waangalifu zaidi. Hii ilijitokeza Kolkata, India, mwaka 1949, kama tawi lililobadilika ghafla kwenye mmea mwingine, na hubeba nyeupe na waridi iliyokoza kwenye kichaka kimoja. Kijiti cha kuoteshwa kitoke kwenye tawi lenye rangi zote mbili. Tawi lililorudi kwenye rangi moja kwa kawaida litazaa mche wa rangi moja, na likiachwa bila kukatwa linaweza kukua kwa kasi kuliko mengine hadi likameza kichaka chote.