Matunda ya Kichaka cha Miiba: Je, Huongeza Damu?

Katika misitu ya milima mirefu ya Afrika Mashariki, kama vile Kilimanjaro na Mlima Kenya, humea vichaka vyenye miiba vya jenasi ya Rubus, ambavyo ni vya familia ya waridi. Matunda yake hufanana na forosadi, na wapita njia huyachuma na kuyala papo hapo. Aina mojawapo, Rubus volkensii, ina jina la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyefanya utafiti Kilimanjaro katika miaka ya 1890.

Maji ya matunda haya hutia vidole rangi ya damu, na hapo ndipo huzaliwa dhana kwamba huongeza damu mwilini. Dhana hiyo ina hatari, hasa kwa mjamzito anayeacha vidonge vyake akitumaini tunda pekee. Wekundu huo hutokana na anthosianini, rangi asilia ya mimea, wala si madini ya chuma. Gramu 100 za matunda ya jamii hii yanayolimwa zina chuma kisichofika miligramu 1, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito ameze vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na asidi ya foliki.

Hata hivyo, tunda hili lisidharauliwe. Lina nyuzinyuzi na vitamini C, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika maharage na mboga za majani. Kwa hiyo lifaavyo ni kuliwa pamoja na mlo. Chai, ambayo huzuia ufyonzwaji huo, inyweke mbali na chakula.

Matunda yaoshwe kwa maji safi, na yachumwe na anayeyafahamu. Watoto waonywe wasiyachanganye na ya lantana, ambayo yakiwa mabichi yanaweza kuwadhuru.

Mhudumu wa afya anapoambiwa na mgonjwa kwamba anatumia matunda ya msituni, asimkejeli. Amweleze kazi ya tunda na kazi ya kidonge. Naye mgonjwa anayechoka upesi, kuhema au kuhisi moyo ukienda mbio, awahi kituoni akapimwe damu. Tunda ni mwenzi wa dawa, si mbadala wake.