Chungwa: Mavuno Yake, Biashara Yake na Bei Yake

Mwanzoni mwa mwaka 2020, bei ya maji ya machungwa katika soko la New York ilikuwa karibu na dola 1 kwa ratili moja. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei hiyo hiyo ilivuka dola 5, kiwango ambacho soko hilo halikuwahi kukiona tangu kuanzishwa kwake. Miezi michache baadaye, katika mwaka 2025, ikaporomoka hata chini ya dola 3. Katika kipindi chote hicho watu hawakuanza kunywa maji ya machungwa mara tano zaidi, wala dunia haikukosa machungwa. Ni kitu gani basi kilichoipandisha bei na kuishusha kiasi hicho? Na kwa nini mkulima wa Muheza, aliyeuza machungwa yake katika miaka hiyo hiyo, hakuiona neema hiyo?

Majibu ya maswali haya yamo katika elimu mbili ambazo shuleni hufundishwa mbalimbali, yaani uchumi na biolojia. Asiyeielewa miti hawezi kuielewa bei.

Jamii ya michungwa

Machungwa, machenza, malimau, ndimu, madanzi na mabalungi yote ni matunda ya jamii moja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chimbuko la jamii hii ni miteremko ya kusini-mashariki ya milima ya Himalaya. Chungwa tamu lenyewe si tunda la asili la porini. Ni chotara lililotokana na balungi kubwa la Asia na chenza, kisha likaenezwa na binadamu kwa kubebesha vikonyo. Kwa hiyo michungwa ya aina moja, hata ikiwa mamilioni, ina urithi ule ule. Ugonjwa ukiushinda mti mmoja, huwa umeishinda aina nzima.

Kwa mwaka mmoja dunia huvuna zaidi ya tani milioni 150 za matunda ya jamii hii, na karibu nusu yake ni machungwa. China huongoza kwa jumla ya matunda hayo, hasa kwa sababu ya machenza, nayo Brazili huongoza kwa machungwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mavuno ya dunia huliwa katika nchi ileile yalikovunwa. Kinachovuka mipaka ni sehemu ndogo, nacho hugawanyika katika biashara mbili zisizofanana: biashara ya matunda yenyewe, na biashara ya maji ya machungwa.

Biashara mbili

Katika biashara ya matunda, wauzaji wakubwa ni Hispania, Misri, Afrika Kusini, Uturuki na Morocco. Nchi hizi zina jambo moja la pamoja, nalo ni majira yenye usiku wa baridi. Ganda la chungwa changa lina rangi ya kijani kwa sababu ya klorofili. Usiku ukiwa wa baridi, klorofili huvunjika na rangi ya manjano ya karotenoidi hudhihirika. Katika nchi za joto, kama vile pwani ya Afrika Mashariki, baridi hiyo haipo, na chungwa huiva likiwa bado la kijani. Utamu wake haupungui kwa hilo, kwani uivaji wa ndani hupimwa kwa uwiano wa sukari na asidi, si kwa rangi ya ganda. Lakini mnunuzi wa Ulaya amezoea kuchagua kwa macho. Ndiyo maana wafanyabiashara wengine huyaweka machungwa katika vyumba vyenye gesi ya ethilini ili ganda libadilike rangi.

Rangi si kizuizi pekee. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliweka masharti mapya ya kuyapoza machungwa kabla ya kuingizwa huko, kwa hofu ya nondo ambaye viwavi wake hutoboa matunda. Afrika Kusini iliyapinga masharti hayo mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Mdudu mmoja alitosha kuzua mgogoro wa kimataifa.

Biashara ya maji ya machungwa ina historia nyingine. Katika miaka ya 1940 wanasayansi wa Florida, nchini Marekani, waligundua njia ya kuyakoleza maji ya machungwa bila kuiharibu ladha yake, kisha kuyagandisha. Maji yaliyokamuliwa huwa na sukari na yabisi nyingine kiasi cha asilimia 12 hivi. Yakivukizwa mpaka yabisi ifike asilimia 66, uzito wake hupungua hadi chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwanzo. Kitu kilichokuwa kikubwa na chepesi kuoza hugeuka kuwa bidhaa ndogo, inayohifadhika kwa miezi mingi na kusafirishwa kwa meli za matangi. Tangu mwaka 1966 bidhaa hiyo imekuwa ikiuzwa New York kwa mikataba ya siku zijazo, yaani bei hukubaliwa leo kwa mzigo utakaotolewa baadaye.

Mwanzoni Florida ilitawala. Mnamo Desemba 1962 jalidi, yaani baridi inayogandisha maji yaliyomo ndani ya majani na matunda, iliangamiza michungwa mingi huko. Wafanyabiashara wakatafuta chanzo kingine, na mwaka 1963 jimbo la São Paulo nchini Brazili lilianza kuuza nje maji ya machungwa. Jalidi iliipiga Florida mara kadhaa tena katika miaka ya 1980, na Brazili ikaipita. Siku hizi karibu robo tatu ya maji ya machungwa yanayouzwa baina ya mataifa hutoka Brazili, na sehemu kubwa husafirishwa kutoka bandari ya Santos.

Kwa nini bei huruka

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa swali la kwanza. Bei ya New York haitokani na machungwa yote ya dunia. Hutokana na maji yaliyokolezwa ya sehemu chache, hususan São Paulo na jimbo jirani la Minas Gerais. Sehemu hizo zikipata hasara, hakuna mwingine anayeweza kuijaza nafasi yake upesi.

Mkulima wa mahindi akiona bei imepanda, hupanda zaidi msimu unaofuata. Mkulima wa machungwa hawezi. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na huchukua miaka mingine kadhaa kufikia uzazi wake kamili. Wala chungwa haliwezi kuchumwa changa ili liivie ghalani. Tofauti na ndizi au embe, chungwa halina akiba ya wanga ya kugeuzwa sukari baada ya kuchumwa, nalo hubaki na utamu uleule liliotoka nao mtini. Kwa hiyo upungufu ukitokea, kinga pekee ni akiba iliyogandishwa katika matangi. Akiba ikikauka, wanunuzi hushindania kidogo kilichobaki, na bei hupanda kwa kiasi kinachozidi sana upungufu wenyewe.

Takwimu zinathibitisha. Mavuno ya machungwa hupimwa kwa sanduku la kilo 40.8. Katika msimu wa 2023/24, ukanda wa São Paulo na magharibi ya Minas Gerais ulivuna masanduku milioni 307. Katika msimu wa 2024/25, baada ya ukame na joto kali, ulivuna takriban masanduku milioni 231, yaani robo moja pungufu. Wakati huohuo akiba ilikuwa imekwisha punguka kwa misimu kadhaa. Bei ikapaa. Nayo ilipozidi kupaa, wanywaji wakahamia vinywaji vingine, na wenye viwanda wakachanganya maji ya matunda mengine. Mahitaji yakapungua, na bei ikashuka. Kilichoishusha bei hapo kwanza ni wanunuzi waliokata tamaa, kabla miti haijapata nafasi ya kuzaa zaidi.

Ugonjwa usio na dawa

Ukame hupita na mvua hurudi. Lakini chini ya mabadiliko haya ya msimu kuna jambo zito zaidi, linaloonekana katika mavuno ya Florida. Katika msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Katika msimu wa 2024/25 lilivuna masanduku milioni 12 hivi, yaani takriban sehemu moja tu ya ishirini. Tufani za mwaka 2017, 2022 na 2024 zilichangia, na mashamba mengi yamegeuzwa viwanja vya nyumba. Chanzo kikuu, hata hivyo, ni ugonjwa uitwao Huanglongbing, jina la Kichina lenye maana ya ugonjwa wa chipukizi la manjano.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya floemu, yaani mirija inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani. Mirija ikiziba, sukari hurundikana majani ikiwa wanga, na mizizi hufa njaa. Matunda huwa madogo, yaliyopinda, machungu, na mengi huanguka kabla ya wakati. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha ambukizwa. Bakteria hao hubebwa na mdudu mfyonza utomvu mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, aitwaye kitaalamu Diaphorina citri, ambaye hutaga mayai katika machipukizi. Ugonjwa huo huenea pia kwa miche na vikonyo vya kubebeshea.

Mdudu huyo alionekana Florida mwaka 1998, nao ugonjwa ukathibitishwa mwaka 2005, miaka saba baadaye. Nchini Brazili ugonjwa ulithibitishwa mwaka 2004, na uchunguzi wa mwaka 2024 katika ukanda wa machungwa ulikuta dalili katika miti 44 kwa kila 100.

Mkulima wa Muheza

Mkoa wa Tanga, na hasa Wilaya ya Muheza, ndio kitovu cha machungwa ya Tanzania. Sehemu kubwa ya mavuno yake huuzwa yakiwa matunda, katika miji ya Tanzania na kwa malori yanayovuka mpaka kwenda Mombasa na Nairobi. Bei ya shambani huamuliwa na wingi wa machungwa sokoni wiki hiyo na idadi ya malori yaliyofika. Msimu ukifikia kilele, machungwa huiva kwa pamoja na bei huanguka. Bei ya New York haina njia ya kufika hapo. Ili ifike, pangehitajika viwanda vya kutosha vya kukamulia na kukoleza, nishati ya kugandishia, na mikataba ya kudumu ya ununuzi. Bei hupita mahali palipojengewa njia, kama maji yafuatavyo mfereji.

Ugonjwa hauhitaji mfereji. Aina ya Kiafrika ya bakteria hao imekuwapo Afrika Mashariki kwa muda mrefu, lakini haivumilii joto, na mdudu wake, Trioza erytreae, hupenda nyanda za juu zenye baridi. Kwa sababu hiyo mashamba ya tambarare za pwani yalikuwa na kinga ya asili. Aina ya Asia na mdudu wake hustahimili joto. Taarifa ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2016 ilieleza kwamba Diaphorina citri ameonekana Tanzania, na ile ya mwaka 2017 ikaeleza kwamba ameonekana Kenya. Kinga ya joto haitoshi tena. Mkulima ambaye hakufikiwa na faida ya soko la dunia anaweza kufikiwa na hasara iliyolitikisa soko hilo.

Uchunguzi unaowezekana shuleni

Uchunguzi wa awali hauhitaji vyombo vya gharama. Jani lenye mabaka ya manjano likunjwe kwa kufuata mshipa wake wa kati. Mabaka yanayotokana na upungufu wa madini, kama vile zinki, kwa kawaida hulingana pande zote mbili. Mabaka ya ugonjwa huu hayalingani.

Kipimo cha iodini, kinachofahamika kwa kila mwanafunzi wa biolojia, nacho husaidia. Majani ya tawi linaloshukiwa na ya tawi zima yachumwe kwa pamoja alfajiri, wakati jani zima limekwisha safirisha wanga mwingi uliotengenezwa mchana. Yachemshwe katika maji, kisha yaondolewe klorofili kwa spiriti iliyopashwa moto ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, halafu yatiwe iodini. Jani lililoziba mirija hubaki na wanga mwingi na kuwa jeusi-buluu. Kipimo hiki ni dalili, wala si uthibitisho, kwani hata tawi lililojeruhiwa hurundika wanga. Uthibitisho hupatikana kwa kuchunguza vinasaba katika maabara. Nchini Tanzania, tawi linaloshukiwa yafaa litolewe taarifa kwa afisa kilimo au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, bila ya kukatwa na kubebwa huku na huko.

Kinga iliyo bora ni mche safi, uliokuzwa katika kitalu kilichozungushiwa wavu usiopenya wadudu. Mche unaonunuliwa kando ya barabara na kupelekwa wilaya nyingine ni rahisi kwa bei, lakini unaweza kubeba mdudu na bakteria kwa safari moja. Kazi hii pia ni ya ujirani. Anayeng'oa mti mgonjwa wakati jirani anauacha wake hupata nafuu ya muda mfupi tu, kwa maana mdudu hajui mpaka wa shamba. Florida ilikuwa na fedha, vyuo na maabara, nayo ilipoteza michungwa yake kwa sababu ugonjwa ulithibitishwa baada ya kuenea. Katika jambo hili, darasa linalojua kulikunja jani moja na kulisoma linaweza kuokoa muda ambao fedha haikuweza kuununua.