Bustani Isiyomdhuru Sungura

Mwaka jana tulipogoa mparachichi ulio uani, tukaacha matawi chini. Kesho yake tulimkuta sungura wa watoto akihema kwa shida, jioni akafa. Kitinda mimba wetu aliuliza, "Mama, mbona hatukumzuia?" Hatukuwa na jibu. Hatukujua kwamba majani ya mparachichi huweza kuudhuru moyo wa sungura.

Akina mama wenzetu, sungura hawezi kutapika. Akishameza sumu, imeingia. Kwa hiyo tuanze kwa kung'oa. Mbarika, mnyaa na lantana havifai mahali anapocheza. Nyanya na viazi mviringo vizungushiwe uzio, kwa kuwa majani yake yana sumu.

Kisha tupande vinavyomfaa: mabingobingo, majani ya viazi vitamu, giligilani, rehani na sukuma wiki kidogo. Nyasi ndizo ziwe chakula kikuu, maana meno ya sungura hayaachi kukua, na kutafuna nyasi huyapunguza. Bustani hiyo tusiipulizie dawa ya wadudu. Tena sungura ni mchimbaji hodari. Wavu wa waya ufukiwe kiasi cha sentimita 30 ardhini.

Leo tuna sungura wengine wawili. Kitinda mimba ndiye anayewachumia majani, na kila jani asilolijua hutuletea kwanza tulitazame. Swali lake la siku ile tumelijibu kwa jembe.