Kima cha chini cha mshahara: Kura ingemwacha wapi mwajiri wa vibarua watano?

TANGU Januari 1, 2026 kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi Tanzania Bara kimepanda kwa wastani kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kwa mwezi. Mkulima wa viazi wa Uporoto au muuza mbao wa Mafinga akisikia tarakimu hizo redioni anaweza kushtuka.

Asishtuke mapema. Huo ni wastani wa sekta zote, na ndani yake zimo kampuni za migodi na za simu. Kilimo huwa karibu na mkia wa orodha. Katika amri iliyotangulia, ya mwaka 2022, kampuni zenye leseni za madini zilitakiwa kulipa Sh500,000, duka Sh150,000 na shamba Sh140,000. Ukigawa hiyo ya shamba kwa siku 26 za kazi, unapata kama Sh5,385 kwa siku.

Viwango hivi havipigiwi kura. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, bodi za mishahara za kisekta, zenye wajumbe wa upande wa waajiri na wa wafanyakazi, huchunguza hali na kumshauri waziri wa kazi. Waziri ndiye anayetangaza amri katika Gazeti la Serikali. Kwa kilimo amri ya 2010 iliweka Sh70,000, ya 2013 Sh100,000, kisha kukawa kimya cha miaka tisa mpaka hiyo ya 2022. Kwa miaka yote hiyo bei ya sembe, sabuni na nauli haikumsubiri mtu.

Ndiyo maana hoja ya kuwapa wananchi wenyewe nafasi ya kuamua inavutia, na ziko nchi zilizoijaribu. Uswisi, Mei 18, 2014, wapiga kura waliulizwa kama taifa zima liwe na kima cha faranga 22 kwa saa, na robo tatu wakakataa. Miaka sita baadaye, Septemba 2020, jimbo moja la nchi hiyo hiyo, Geneva, likakubali faranga 23. Marekani, jimbo la Florida lilipitisha dola 15 mwaka 2020 ingawa sheria yake ilidai asilimia 60 ya kura, lakini California, inayosifika kwa kuwajali wafanyakazi, iliikataa dola 18 mwaka 2024. Kwa hiyo anayedhani kura ni njia ya mkato ya kuongeza mshahara afikiri upya. Mwenye duka dogo naye hupiga kura, na mteja anayeogopa bei kupanda pia.

Tanzania haina utaratibu wa wananchi kukusanya saini na kulazimisha jambo kama hili liende kwenye sanduku. Kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015, iliahirishwa na haijafanyika. Mshahara na kura viliwahi kukutana kwa njia nyingine, mwaka 2010. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TUCTA) lilidai Sh315,000 na kupanga mgomo wa Mei 5. Siku mbili kabla, Rais Jakaya Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba Serikali haina uwezo huo, na kama ni kura za wafanyakazi, yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika.

Oktoba mwaka huo alishinda, lakini kura zake zilishuka kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 hadi kidogo zaidi ya 60. Mbeya Mjini ikaenda kwa Joseph Mbilinyi na Iringa Mjini kwa Mchungaji Peter Msigwa, wote wa Chadema. Mambo yalikuwa mengi, na kusema mshahara pekee ndio ulioamua ni kutia chumvi.

Turudi shambani. Mfanyakazi wa mashamba makubwa ya chai Mufindi ana chama chake na mkataba. Mwajiri wake naye ana Chama cha Waajiri Tanzania (ATE). Lakini sehemu kubwa ya kazi katika mikoa hii hufanywa kwa namna nyingine: palizi ya mahindi Ismani kwa ngwe, kuvuna mpunga Mbarali, kuchimba viazi na kujaza magunia kwa makubaliano ya asubuhi hiyo hiyo. Amri huweka viwango vya saa, siku na wiki pia, ila ni wachache wanaovisoma kabla ya kuingia shambani.

Mwenye ekari tatu za viazi anayeita vibarua watano naye ni mwajiri. Mbolea ananunua kwa bei aliyoikuta, na viazi vyake mnunuzi huvitaka kwa lumbesa, kipimo ambacho sheria imekataza na barabarani bado kipo. Kumwambia huyu apandishe ujira kwa karibu theluthi, bila kumgusa mwenye lori la lumbesa, ni kumbana upande mmoja tu. Historia inaonya pia: mwanzoni mwa miaka ya 1960, kima cha mshahara kilipopandishwa sana, mashamba ya mkonge yalipunguza watu, kisha bei ya mkonge duniani ikaanguka na hali ikawa mbaya zaidi.

Lakini kibarua huyo huyo ndiye mteja wa genge. Mishahara ya chai ikitoka, anayeuza kanga, mafuta ya taa na dagaa Mafinga au Tukuyu ndiye wa kwanza kujua. Ujira ukibaki mdogo, daftari la mikopo dukani ndilo linalonenepa.

Kuliko kusubiri sanduku la kura ambalo sheria haijaliweka, lipo dai lililo karibu zaidi. Bodi ya mshahara ya kilimo inaposikiliza waajiri, hoja zinazofika mezani ni za wenye mashamba ya mamia ya hekta. Vyama vya msingi vya wakulima wa chai Rungwe na vya mpunga Mbarali vinaweza kuandika maoni yao na kuyapeleka ofisi ya kazi ya mkoa, vikionyesha gharama ya ekari moja na bei ya gunia lililopimwa kwa mizani, kabla amri nyingine haijaanza kuandaliwa.